Kibali cha kujenga Mbuya: majibu kwa wanaosema si lazima

Ukipanda kilima cha Mbuya, Kampala, kutoka Nakawa wakati wa kiangazi, utapishana na malori ya mchanga, kokoto na matofali. Nyumba za zamani zenye ua mpana zinabomolewa na ghorofa za kupangisha zinachukua nafasi yake. Chini bondeni, upande wa Kinawataka, chumba kinaongezwa ubavuni mwa chumba. Hilo si baya. Mji unakua na watu wanahitaji pa kulala. Kibaya ni maneno yanayosafiri pamoja na malori hayo: kwamba kibali cha ujenzi ni cha wenye majumba makubwa ya katikati ya jiji, na kwamba mtu wa kawaida anayejenga kwake hakimhusu. Maneno haya yanasemwa na mafundi, madalali, hata watu wasomi. Yamewagharimu wengi fedha zao, na wengine uhai.

Tuanze na sheria yenyewe. Ujenzi Uganda unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, kanuni zake za 2020, na viwango vya taifa vya majengo vya 2019. Sheria hii inakataza mtu yeyote kufanya shughuli ya ujenzi bila kibali cha Kamati ya Majengo ya eneo lake. Kabla yake ipo Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2010, iliyoitangaza Uganda nzima kuwa eneo la mipango. Kwa hiyo kabla hujauliza kama jengo lako ni imara, mamlaka inauliza kama jengo la aina hiyo linafaa kuwa mahali hapo. Mbuya iko Nakawa, moja ya divisheni tano za Kampala, na maombi yake yanashughulikiwa na Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, KCCA. Sasa tuyajibu maneno yenyewe.

"Ardhi ni yangu, hati ninayo."

Hili ndilo la kwanza, na linasemwa kwa sauti kubwa kuliko yote. Ni kweli Katiba ya 1995 imeipa ardhi ya Uganda wananchi wake, na imelinda haki ya kumiliki mali. Lakini Katiba hiyohiyo, katika ibara ya 242, inaipa serikali uwezo wa kusimamia matumizi ya ardhi kwa sheria za Bunge. Hati inaonyesha nani mwenye ploti. Haisemi ujenge ghorofa ngapi, umwachie jirani nafasi kiasi gani, wala maji machafu uyapeleke wapi. Mwenye gari lililosajiliwa kwa jina lake bado husimama kwenye taa nyekundu.

Tena hati yenyewe hukaguliwa unapoomba kibali. Utaombwa uthibitisho wa umiliki na vipimo vya mpima ardhi aliyesajiliwa. Hapo ndipo watu hugundua kwamba mpaka wanaouona kwa macho haulingani na mpaka ulio kwenye ramani, au kwamba sehemu ya ploti imo ndani ya hifadhi ya barabara. Ni heri uyajue hayo ukiwa bado na karatasi mkononi kuliko uyajue ukuta ukiwa umeshafika kwenye lenta.

Upo upande wa pili wa neno hili, nao haupati nafasi ya kutosha katika mazungumzo. Wenye vibanja, yaani wanaomiliki sehemu juu ya ardhi yenye hati ya mtu mwingine, husema: mimi sina hati, nina kibanja kwenye ardhi ya mailo, kwa hiyo kibali hakinihusu. Sivyo. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtambua mwenye kibanja na kumlinda asifukuzwe ovyo maadamu analipa busulu, yaani kodi ya ardhi ya kila mwaka, lakini haijamtoa kwenye sheria ya majengo. Kinachobadilika ni ushahidi anaoleta: makubaliano ya ununuzi, stakabadhi za busulu, na ridhaa ya mwenye ardhi. Ridhaa hiyo ndiyo kikwazo kikubwa. Mwenye ardhi akikataa kuandika, au akiwa hajulikani alipo, mwenye kibanja hukwama, akaamua kujenga bila karatasi. Nayajua mateso hayo na sitayadharau. Hata hivyo, kujenga ghorofa juu ya mgogoro wa ardhi ni kuuongeza mgogoro huo. Maliza na mwenye ardhi kwanza, kwa maandishi, hata ikibidi kupitia upatanishi, kisha ndipo umwite fundi.

"Mwenyekiti wa LC1 ameshapiga muhuri."

Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la zoni, ni mtu muhimu. Anawajua majirani, anashuhudia mauziano ya vibanja, anatatua ugomvi wa mipaka kabla haujafika polisi. Barua yake inaweza kukusaidia kuthibitisha kwamba wewe ni mkazi na kwamba ploti hiyo haina mgogoro unaojulikana. Hapo ndipo uwezo wake unapoishia. Hakuna sheria ya Uganda inayompa mwenyekiti wa zoni mamlaka ya kuidhinisha jengo, na muhuri wake hauwezi kusimama mbele ya amri ya kusimamisha ujenzi. Anayepokea "pesa ya chai" ili akuruhusu kumwaga msingi anakuuzia kitu asichokuwa nacho. Siku mkaguzi atakapokuja, mwenyekiti huyo hatakuwa shahidi wako.

"Ni ukarabati mdogo tu, si kujenga."

Neno hili ndilo linalowasumbua wenye nyumba wa kweli, wale wasiokusudia kuvunja sheria hata kidogo, kwa hiyo nitalikalia.

Kupaka rangi, kubadilisha vigae vya sakafu, kuziba bati linalovuja, kubadilisha kitasa au kioo kilichovunjika ni matunzo ya kawaida ya nyumba. Hayaligusi umbo la jengo, uzito wake wala matumizi yake. Lakini angalia jinsi kazi inavyobadilika mikononi mwa fundi. Mama anataka sebule iwe pana, fundi anaubomoa ukuta wa katikati. Kumbe ukuta huo ndio uliobeba boriti za paa. Bwana anataka paa la kisasa lililofichwa nyuma ya ukuta mfupi, fundi anapandisha matofali kozi tano juu ya lenta ya zamani iliyowekwa kwa ajili ya mabati mepesi. Mwingine anaanza na kuezeka baraza, baadaye anaizungushia ukuta, mwaka unaofuata anaweka ngazi kuelekea juu. Kila hatua iliitwa ndogo. Zikijumlishwa, ni nyumba mpya iliyokalia msingi wa nyumba ya zamani.

Njia ya kujipima ni kujiuliza maswali matatu. Je, kazi hii inagusa kitu kilichobeba jengo, yaani msingi, nguzo, ukuta wa kubeba, slabu, ngazi au paa? Je, inaongeza ukubwa wa jengo, kwa upana au kwa urefu? Je, inabadilisha matumizi, kwa mfano nyumba ya kuishi kuwa duka, hosteli, kliniki au shule ya chekechea? Jibu likiwa ndiyo kwa swali lolote, omba kibali. Kubomoa pia ni shughuli ya ujenzi kisheria, wala si jambo la kumaliza kwa nyundo na vijana wanne siku ya Jumapili. Vivyo hivyo boi kwota la nyuma ya nyumba, vyumba vya kupangisha ambavyo hapa tunaviita mizigo, na ukuta wa uzio. Sheria imeweka pia kibali cha kazi ndogo, chenye masharti mepesi kuliko kibali kamili, kwa sababu waliotunga kanuni walijua kwamba si kila kazi inahitaji rundo la michoro. Kama hujui kazi yako iko upande gani, muulize afisa wa udhibiti wa majengo pale divisheni, na jibu lake liwe kwa maandishi.

Uzio nimeutaja makusudi. Mbuya ni kilima. Watu wa miinukoni hukata udongo ili wapate ploti iliyo sawa, kisha huusimamisha ukingo uliobaki kwa ukuta wa matofali uliojengwa kama uzio wa kawaida. Ukuta unaozuia udongo si uzio. Udongo mwekundu ukilowa kwa mvua za Machi hadi Mei unakuwa mzito na unasukuma. Kama ukuta hauna msingi mpana, nondo, na matundu ya kutolea maji, utaanza kwa ufa mwembamba wa ulalo karibu na kona, kisha tumbo lake litavimba kuelekea upande wa chini. Na upande wa chini kuna nyumba ya mtu, mara nyingi chumba wanamolala watoto. Anayesema uzio wake haumhusu mtu mwingine aende akautazame akiwa amesimama uani kwa jirani wa chini.

"Fundi wangu ana uzoefu wa miaka mingi, mhandisi wa nini?"

Ninawaheshimu mafundi. Wamejenga sehemu kubwa ya Kampala kwa mikono yao. Lakini uzoefu wa kujenga nyumba ya chini hauwi ujuzi wa ghorofa kwa sababu tu aliyeanza amefika juu salama mara kadhaa. Chukua nguzo moja tu. Mhandisi amechora nondo nne za milimita 16, na ringi kila baada ya sentimita 20. Fedha zikipungua, fundi anaweka nondo za milimita 12 na kuzitawanya ringi. Zege linachanganywa chini, maji yanaongezwa ili limwagike kwa urahisi, halitikiswi vizuri, na mbao zinatolewa mapema kwa sababu zinahitajika kwenye nguzo nyingine. Ukipiga lipu, nguzo hiyo inafanana kabisa na nguzo nzuri. Tofauti yake itajulikana siku utakapoongeza ghorofa ya tatu.

Nchi hii imeshayaona hayo. Septemba 2004 hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, kwenye barabara ya Entebbe, iliwaangukia wafanyakazi, na zaidi ya kumi walikufa. Machi 2006 kanisa lililoko Kalerwe liliporomoka waumini wakiwa ndani. Mwanzoni mwa 2008 jengo la shule ya St Peter's, Naalya, nalo lilianguka likiwa bado linajengwa. Naalya si mbali na kwetu. Sheria ya 2013 ilipitishwa baada ya misiba hiyo. Majirani zetu hawakusalimika pia: Huruma, Nairobi, Aprili 2016, na Kariakoo, Dar es Salaam, Novemba 2024, majengo yaliporomoka na watu walichimbuliwa kutoka chini ya slabu kwa siku kadhaa huku ndugu zao wakisubiri barabarani.

Ndiyo maana maombi ya kibali yanadai michoro ya msanifu majengo na mhandisi waliosajiliwa na bodi zao. Saini hizo zina maana moja kubwa: yupo mtu mwenye jina na namba ya usajili anayeweza kuulizwa jengo likipata matatizo. Fundi akizima simu, utamuuliza nani? Kwa hiyo usinunue saini. Wapo wanaogonga mihuri kwenye michoro ambayo hawakuichora na hawajawahi kuiona ploti. Mwenye nyumba anayelipia muhuri wa namna hiyo amelipa fedha na hakupata ulinzi wowote.

"Kibali ni mradi wa kula rushwa, na kinachukua miezi."

Hapa wasemaji wana hoja, na sitaikwepa. Watu wamezungushwa. Wapo waliodaiwa fedha zisizo na stakabadhi, wapo ambao mafaili yao yalipotea na kupatikana baada ya bahasha. Ucheleweshaji ni dhuluma, kwa sababu bei ya saruji haimsubiri mtu, na nondo zikilala nje zinaliwa na kutu. Anayetetea sheria hii bila kuyasema hayo hawatendei haki wananchi.

Lakini dawa yake haiwi kujenga gizani. Anayejenga bila kibali ndiye chakula cha mla rushwa. Kila anayepita na daftari anaweza kumtisha, na hana karatasi ya kujitetea. Mwenye kibali anaonyesha namba yake na kuendelea na kazi. Siku hizi maombi yanawekwa mtandaoni kupitia mfumo wa BIMS wa Bodi ya Taifa ya Mapitio ya Majengo, na unaweza kufuatilia ombi lako limefika wapi. Malipo ya KCCA yanafanywa kwa namba ya malipo, benki au kwa simu; hakuna ada halali inayopokelewa mkononi kwenye eneo la ujenzi. Na ukinyimwa kibali bila sababu unayoiona ya haki, unaweza kukata rufaa kwenye Bodi hiyo. Wachache wanaitumia haki hii, na nadhani hapo tunajikosea wenyewe. Mfumo hautarekebika kama wote walioonewa wanaondoka kimya na kuanza kuchimba usiku.

"Nitajenga wikendi, nikishaezeka watafanya nini?"

Wanaweza kufanya mengi. Kujenga bila kibali ni kosa la jinai, lenye adhabu ya faini, kifungo au vyote viwili. Mamlaka inaweza kutoa amri ya kusimamisha kazi, na jengo lisilokubalika linaweza kubomolewa kwa gharama ya mwenyewe. Kuezeka hakulibariki jengo.

Hata kama hakuna atakayekuja, tatizo linabaki. Ukaguzi hufanywa kwa hatua: msingi ukiwa wazi, nondo za slabu zikiwa hazijafunikwa, karo la maji taka likiwa halijafukiwa. Hatua hizo zikipita, hakuna mkaguzi anayeweza kuona kilichomo ndani ya zege bila kulitoboa au kulipima kwa vyombo, na gharama hiyo ni yako. Kisha inakuja siku ya kuuza, au ya kuomba mkopo. Benki itataka michoro iliyoidhinishwa. Wakili wa mnunuzi ataiulizia pia. Nyumba isiyo na karatasi inauzwa kwa bei ya nyumba isiyo na karatasi, hata ikiwa na vigae kutoka ng'ambo.

"Kibali kimetoka, basi nimemaliza."

Bado. Kibali ni cha jengo lililochorwa, si cha jengo ulilolifikiria baadaye. Ukiidhinishiwa ghorofa mbili ukajenga tatu, ile ya tatu haina kibali. Kibali kina muda wake. Kikiisha kazi ikiwa haijakamilika kinaombwa upya. Wakaguzi wanapaswa kuarifiwa unapoanza. Na mwisho kabisa kuna kibali cha kukalia jengo, kinachotolewa baada ya kuthibitishwa kwamba kilichojengwa ndicho kilichoidhinishwa na kwamba ni salama kwa watu kuishi. Wenye nyumba za kupangisha ndio wanaokipuuza kuliko wote, wakati wao ndio wanaoweka roho za watu wengine chini ya paa lao.

"Kinawataka wote wamejenga bila kibali, mbona tuonewe sisi?"

Neno hili lina uchungu wa kweli. Mtu wa bondeni anaona jumba la tajiri limezidi mpaka na halijaguswa, kisha kibanda chake kinabomolewa alfajiri. Sheria inayomkuta maskini kwanza haiwezi kuheshimiwa. KCCA ikitaka watu wa Kinawataka waombe vibali, ianze na wanaoweza kulipa na wanaojua sheria, kisha iwaletee watu wa kipato kidogo michoro ya nyumba ndogo iliyokwisha kuidhinishwa, kwa bei ndogo, ili kibali kisigharimu kuliko chumba chenyewe.

Hata hivyo bonde lina jambo lake la pekee. Kinawataka ni mojawapo ya maeneo oevu yanayopokea maji ya Kampala na kuyapeleka Ziwa Viktoria. Kwa mujibu wa Katiba, maeneo oevu yako chini ya dhamana ya serikali kwa niaba ya wananchi wote, na Sheria ya Mazingira ya 2019 inayalinda. Mtu anayekuuzia "ploti" iliyojazwa kifusi juu ya mafunjo anakuuzia mahali ambapo kibali cha nyumba hakitatoka, hata kama amekupa makubaliano yenye mashahidi kumi. Huko mvua kubwa ikinyesha, maji hurudi yalikokuwa yakikaa zamani. Kuwa majirani wengi wamejenga hapo hakuyazuii maji kuingia ndani kwako, wala hakukupi haki ya fidia.

Ndugu msomaji, kama umeshachimba msingi Mbuya na kibali huna, simamisha kazi kabla ya kumwaga zege. Chukua hati yako au karatasi za kibanja, michoro yoyote uliyonayo na picha za ploti, uende ofisi ya Divisheni ya Nakawa ukamwone afisa wa udhibiti wa majengo. Msingi ukiwa bado wazi, kila kosa lililomo linaweza kurekebishwa.